Marehemu wa Nyumba Namba Tisa

Wananchi wa Nasiongo waliitwa uwanjani, wakaketishwa chini ya hema la kukodi, wakaimbishwa wimbo wa taifa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kipaza sauti kilikuwa hakijawashwa, kisha wakapewa habari ambayo mji wao haukuwahi kuipata tangu uitwe mji. Serikali imeleta fedha za kukarabati nyumba tupu za Baraza! Zitaezekwa upya. Zitapakwa rangi. Zitatiwa vyoo vya ndani, vile vya kukalia, ambamo mtu mzima anaweza kumaliza gazeti bila kufa ganzi miguu. Na zikishakamilika, alisema Karani wa Mji, Bwana Obore, huku akipangusa jasho kwa leso nyeupe, zitapewa wasio na nyumba, "ili palipo patupu pajae, na aliye nje aingie ndani."

Watu walipiga makofi. Nasiongo ni mji mdogo nje kidogo ya Busia ya Uganda, kwenye barabara ya kwenda Tororo, na watu wake wamezoea kusikia kwamba fedha zimepita hapo zikielekea mahali pengine.

Nyuma ya Karani, kwa upande wa kushoto, ambapo ndipo mahali pa kaimu, alisimama Bwana Olupot akimshikia mkubwa wake mwavuli. Huyu alikuwa Kaimu Ofisa wa Nyumba. Alikuwa amekaimu muda mrefu hata watoto wa mtaani walidhani Kaimu ndilo jina alilobatizwa. Alikuwa mtu mwema, mwenye koti moja na heshima nyingi, na hotuba ile aliiandika yeye. Karani alipofika penye "aliye nje aingie ndani," Olupot aliona macho yanamlowa. Kulikuwa na tatizo dogo tu, na hakupenda kulitaja siku ya furaha. Baraza la Mji wa Nasiongo halikuwa na nyumba tupu.

Lilikuwa na nyumba kumi na mbili zilizojengwa zamani kwa ajili ya makarani wa pamba. Pamba iliondoka, makarani wakaifuata, nyumba zikabaki. Tangu hapo Baraza halikupigilia hata msumari. Wapangaji ndio waliozitunza: mwenye uwezo aliweka bati, asiye nao alisiliba kwa udongo na samadi, wote wakaomba Mungu mvua itoke upande mwingine. Zilikuwa nyumba za shida, lakini zilijaa watu. Hata kuku walikuwa na vyumba.

Kwa haki, ilikuwapo na ya kumi na tatu, ile kubwa ya kilimani, makazi rasmi ya Karani wa Mji, iliyoitwa na wananchi Ikulu Ndogo. Lakini hiyo haikuingia katika hesabu, kwa kuwa Bwana Obore aliishi humo. Kila mwezi alipokea marupurupu ya kuishi humo, pamoja na ya mlinzi, ya maji na ya kukata majani. Kwamba kila jioni gari lake lilivuka mpaka kwenda Busia ya upande wa Kenya, ambako alikuwa na ghorofa yenye vigae vyekundu na mke aliyejua kupika, hilo lilikuwa jambo la kifamilia, na Nasiongo ni mji wenye adabu.

Kamati ya Kubaini Utupu iliketi siku ya pili yake. Dirisha la ukumbi linatazama moja kwa moja kilimani, kwa hiyo pazia lilifungwa kwa sababu ya jua, ijapokuwa mvua ilikuwa inanyesha. Kamati ilianza kwa kuweka madaraja. Nyumba yenye utupu wa daraja la kwanza ni ile isiyo na mtu wala kitu. Daraja la pili, haina mtu ila ina vyombo. Daraja la tatu ina mtu, lakini mtu mwenyewe hana umuhimu. Mjumbe mmoja aliuliza kama wakunga wa zahanati wangefikiriwa, maana mkunga Betty alikuwa amepanga ng'ambo, Kenya, na mama akishikwa uchungu huku Uganda ilibidi Betty apigiwe simu avuke mpaka mbio na beseni lake. Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake na kusema wakunga si utupu.

"Tuwatoe wapangaji wawili watatu," alipendekeza mwingine.

Kamati nzima ilimtazama kwa huruma. Uchaguzi ulikuwa unanukia. Huwezi kumtoa mpiga kura ndani ya nyumba kisha ukaenda kumwomba kura barabarani.

"Na fedha zisipotumika kufikia mwisho wa Juni zinarudi Kampala," alisema Bwana Obore. "Mnajua maana yake? Fedha zikirudi, zinakwenda na jina la mtu. Olupot, wewe ndiye mtaalamu. Nyumba huwa tupu kwa njia zipi?"

Olupot alisimama akafunga kifungo cha koti. "Mzee, kwa mujibu wa kanuni, njia ni tatu. Mpangaji akihama, mpangaji akifukuzwa, au mpangaji akifariki."

Wazo lilipita mezani, likamzunguka kila mmoja, likaenda kuketi kwa Bwana Obore.

"Nani hayupo kwa sasa?" aliuliza taratibu.

Hapakuwa na haja ya kutafuta. Nyumba namba tisa ilikuwa na kufuli. Mpangaji wake, Mama Norah Ajambo, mjane wa Kisamia anayeuza dagaa, alikuwa amevuka kwenda Sio Port kumuuguza binti yake aliyejifungua. Alizoea safari hizo. Dagaa wenyewe wakiwa ng'ambo huitwa omena, wakivuka huku wanakuwa mukene, na Mama Norah ndiye aliyewabadilisha jina.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema Bwana Obore. "Hiyo si sheria yangu. Wahenga ndio walioipitisha, tena bila kupingwa."

"Mzee, lakini huyo mama ni mzima."

"Nani amesema si mzima? Tunazungumzia kifo cha kiutawala. Cha muda. Mwaka wa fedha ukiisha, anafufuka, anakuta nyumba ina choo cha ndani. Wewe, Olupot, ungekataa kufa wiki chache upate choo cha ndani?" Akakohoa. "Na barua yako ya kuthibitishwa kazini, nimeiona mezani kwangu. Inasubiri tu."

Olupot aliona aibu, na tuseme wazi kwamba aliona aibu. Siku alipohamishiwa Nasiongo, akiwa hana hata kigoda, Mama Norah ndiye aliyemletea uji asubuhi na kumwambia, "Ofisa bila uji nafanya kazi namna gani?" Lakini alikumbuka pia jinsi mtu anavyojisikia kuitwa Kaimu hata kanisani. Akajiambia kwamba kumuua mtu kiutawala ni aina ya kumsaidia, ikitazamwa kwa upana.

Kanuni za mpango zilidai kwamba nyumba iliyoachwa wazi na kifo, kifo hicho kiwe kimetangazwa. Na kwetu huku kifo hakitangazwi kwa karatasi ukutani. Mtu akifa bila kusomwa redioni, jamaa zake humsubiri chakula cha jioni. Olupot alikwenda mwenyewe kwenye kituo kidogo cha redio. Aliomba tangazo lisomwe mara moja tu, mchana, baada ya bei ya mahindi, saa ambayo watu wako shambani. Ila alipofika mwisho wa tangazo, pale panapotakiwa jina la kutoa habari zaidi, mkono wake ulisita. Kuandika "Olupot, Kaimu" chini ya jambo zito namna ile aliona ni kumdharau mkubwa. Mkubwa hutajwa kwanza. Akaandika kwa heshima zote: *Habari zaidi na mipango yote ya mazishi iko kwa Bwana Obore, Karani wa Mji.* Alitoka pale akijiona amefanya kazi safi.

Msomaji wa matangazo, kijana mmoja aitwaye Ikwap, alipoona jina la marehemu alisimamisha muziki. Nani hakumjua Mama Norah? Alimsoma kwa Kiswahili, akamsoma kwa Kisamia, akamsoma kwa Kiteso na Kidhopadhola, jioni akarudia, na asubuhi akamsoma tena kwa ajili ya waliokuwa shambani.

Mkaguzi wa fedha za mpango alifika kutoka Kampala asubuhi hiyohiyo. Alikuwa Bi. Akongo, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na sura isiyosema kitu. Alizaliwa Tororo, kwenye nyumba za reli, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani, jambo ambalo Baraza liliona ni upungufu.

"Leo tunakuonyesha utupu wa daraja la kwanza, Madamu," Bwana Obore alisema ndani ya gari. "Utupu halisi."

"Nitafurahi," alisema Bi. Akongo. "Mahali pengine wananionyesha watu."

Walipokata kona ya mtaa wa Baraza, dereva alifunga breki. Njia ilikuwa imejaa baiskeli. Mbele ya nyumba namba tisa moto mkubwa wa matanga ulikuwa unawaka, magogo yamepangwa vichwa ndani, wazee wameuzunguka kwa viti vya kukunja. Watu walikuwa wamefika kutoka Lunyo, Buhehe na Masinya, na kuni vichwani, maharage kwenye ndoo, unga kwenye mifuko, na masufuria yale ya msiba ambamo mtoto anaweza kuogelea. Chini ya hema wanawake walikuwa wanalia kwa zamu. Wanaume wawili wenye majembe walikuwa wanabishana kama ardhi ya Baraza inachimbika.

Bi. Akongo alishuka, akatazama huku na huku. "Hii ndiyo nyumba tupu?"

"Ndiyo, Madamu," alisema Bwana Obore. "Imejaa kwa muda tu, kutokana na utupu wake."

"Hawa ni kina nani?"

"Ni wadau," alidakia Olupot.

Mzee mmoja mrefu, mwenye koti la mvua na mkongojo, alikuwa tayari amesimama mbele yao. Alikuwa Mzee Ojiambo wa Lunyo, shemeji yake Mama Norah, msemaji wa ukoo. "Mulembe," alisalimu. "Nani hapa ni Obore?"

Hakuna kitu kinachotamkwa na mkubwa kwa urahisi kama jina lake, lakini safari hii Bwana Obore alilitafuta kidogo kabla ya kulipata. "Ni mimi, Mzee."

"Pole na msiba. Redio nasema mipango yote iko kwako. Sisi natoka Lunyo kwa miguu, tunafika, nyumba ina kufuli. Tunangoja. Sasa mwili iko wapi?"

"Mwili..." Bwana Obore alimtazama Olupot. Olupot alitazama viatu vyake. "Mwili uko katika mchakato."

"Mchakato ni hospitali gani?"

"Si hospitali, Mzee. Ni hatua."

Mzee Ojiambo alitikisa kichwa polepole, akageuka akawaeleza wenzake kwa Kisamia. Kilio kilipanda. Mwili ukiwa katika hatua ni balaa kuliko mwili ulio mochari. Bi. Akongo alivuta kiti cha kukunja akaketi karibu na moto, akapewa kikombe cha chai, akasema asante.

Sasa kwetu mwanamke anayefika matangani hafiki kimya. Huanza kulia barabarani, ili waliofiwa wajue hawako peke yao. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa sauti mpya iliposikika upande wa barabara kuu, sauti nene, yenye nguvu. Bodaboda ilisimama. Mama mmoja mnene alishuka na gunia, akajifunga kanga kiunoni, akaja mbio amejishika kichwa kwa mikono miwili. "Woi! Woi! Jirani zangu! Mimi nimesafiri kidogo tu, nyuma hivi mtu anakufa! Woi!" Wanawake walimpokea kilio, wakamshika mabega, wakalia naye vizuri sana. Alijitupa chini, akainuliwa. Alilia hadi akafika kwa Mzee Ojiambo, akamshika magoti.

"Shemeji, na wewe umetoka Lunyo? Basi marehemu ni mtu wetu. Nani amekufa hapa kwangu?"

Mzee Ojiambo alimtazama. Mkongojo ulimponyoka.

"Wewe," alisema.

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye umekufa, Norah."

Mama Norah alikaa kitako chini. "Lini?"

"Redio nasema Jumanne."

"Jumanne mimi nilikuwa Sio Port naosha mtoto!" Akageuka akawaona wote, hema, masufuria, majembe. "Na nyinyi mmekuja kuzika bila kuuliza mimi?"

Nusu ya waombolezaji walikuwa wameshakimbilia nyuma ya choo. Waliobaki walimgusa mmoja mmoja, mkono, shavu, gunia. Gunia lilinuka dagaa. Hilo lilimaliza ubishi, maana hakuna mzimu unaojibebea mzigo. Ndipo kicheko kikatoka, kikachanganyika na kilio, na kwa muda hapakujulikana kipi ni kipi. Olupot alikuwa amejificha nyuma ya gari akilia kwa upande wake. Kilio hicho hakikuwa cha kiutawala.

Mama Norah alichukua ufunguo shingoni, akaelekea mlangoni. Mzee Ojiambo alimzuia kwa mkongojo.

"Hapana, shemeji. Huingii."

"Nyumba yangu hii! Mimi nimesiliba kwa mikono yangu, kila ukuta. Nani ananifungia?"

"Moto huu umewashwa kwa jina lako. Ukizimwa mbele ya mlango wako wakati wewe ni mzima, utadai mtu. Kwetu moto wa matanga ya uongo hauzimwi. Unapelekwa kwa aliyetangaza. Machozi ya watu hawa yatarudi machoni namna gani? Yeye ndiye mwenye msiba. Tutakaa kwake mpaka wazee wanaanua matanga." Akageuka. "Obore. Nyumbani kwako ni wapi?"

Bwana Obore alicheka kicheko cha ofisini. "Wazee wangu, tangazo lilipelekwa na huyu. Olupot, njoo hapa. Waeleze."

Olupot alitokea nyuma ya gari. Alimwona Mama Norah amesimama nje ya mlango wake mwenyewe na ufunguo mkononi, na kitu fulani ndani ya koti lile moja kilikatika. "Ni kweli nililipeleka mimi," alisema. "Lakini mimi ni kaimu tu. Kaimu anaweza kufiwa kwa niaba, hawezi kuwa mwenye msiba. Jina lililosomwa ni la Mzee, tena kwa lugha nne."

"Na nyumbani kwake?" aliuliza Mzee Ojiambo.

"Makazi rasmi ya Karani," alisema Olupot, akinyoosha kidole, "ni ile pale kilimani."

Safari ya kwenda Ikulu Ndogo ilikuwa ya heshima. Mbele walitangulia wazee na magogo yanayofuka moshi, wakafuata masufuria, wakafuata wanawake wakiimba, na Mama Norah katikati yao akipokea pole za kifo chake. Bi. Akongo alipanda kwa miguu, viatu vya mpira vikifaa sana.

Geti lilikuwa limelalia upande. Majani, ambayo Baraza liliyalipia kukatwa kila mwezi, yalimfika Mzee Ojiambo kifuani. Mlinzi alikuwa mbuzi. Moto uliwekwa chini mbele ya kibaraza cha nyumba, hema likapigwa, na kabla Bwana Obore hajavuta pumzi, aliulizwa swali moja na watu wawili.

"Wewe unakaa hapa?" aliuliza Mzee Ojiambo.

"Unaishi hapa, Bwana Obore?" aliuliza Bi. Akongo.

Watumishi wa umma wenye uzoefu watajua ugumu wa saa ile. Akisema naishi, basi yeye ni mwenye msiba, atoe ng'ombe, alishe tarafa tatu na alale nje kando ya moto pamoja na wageni wake, bila kuvuka hata mtaro. Akisema siishi, basi miaka yote ile alikuwa analipwa kwa kulala mahali pasipomjua. Alipiga hesabu. Ng'ombe ni mmoja, lakini marupurupu ni ya kila mwezi.

"Naishi hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kiongozi.

"Vizuri," alisema Bi. Akongo. "Nifungulie nione makazi."

Bwana Obore alijipapasa mifuko. Ufunguo, alisema, uko kwa mlinzi. Watu walimtazama mbuzi. Mzee Ojiambo akauegemea mlango ili apumzike tu, nao ukaanguka ndani. Popo walitoka kwa wingi wakapita juu ya vichwa vya umma. Ndani mlikuwa na kalenda ya mwaka ambao wengi walikuwa wameusahau, kiti chenye miguu mitatu, na chumbani, chini ya tundu kubwa la paa, mpapai uliokomaa wenye mapapai saba yameiva.

"Unalala wapi?" aliuliza Bi. Akongo.

"Upande huu." Bwana Obore alionyesha upande wa pili wa mpapai. "Ni... ni mpango wetu wa kijani."

Bi. Akongo alichuma papai moja, akalinusa, akampa Mama Norah ashike. "Basi, nyumba ina mtu. Kwa hiyo Baraza lako halina nyumba tupu. Ninalala Busia, kesho asubuhi ninarudi na ripoti yangu Kampala."

Ng'ombe aliletwa, akaliwa. Mwenye msiba alipewa nafasi yake kando ya moto, mkeka mmoja na blanketi la kuazima, na wazee wawili wa kumfariji, mmoja kila upande, ili asije akatembea. Simu ya mkewe iliita kutoka ng'ambo hadi ikazimika. Kisha mvua, ambayo Nasiongo ilikuwa imeiombea itoke upande mwingine, ikatoka upande huo. Waombolezaji walikimbilia ndani na mwenye msiba wao. Ndani mlinyesha zaidi.

Bi. Akongo alipopita kuaga asubuhi, kabla ya safari ya Kampala, alimkuta Karani wa Mji ameketi chini ya mpapai, leso nyeupe imekuwa nyeusi kwa majivu, suti inachuruzika, na matone mawili yanampiga utosini kwa zamu. Olupot alikuwa amesimama kando yake kwa upande wa kushoto. Mwavuli alikuwa nao, lakini hakuufungua.

"Madamu," alisema Bwana Obore kwa sauti ya mafua. "Andika tupu."

"Jana ulisema unaishi hapa."

"Nimehama."

"Lini?"

"Sasa hivi. Tangu usiku nimekuwa nahama. Hii si nyumba ya kukaa binadamu! Mtu anaishije mahali kama hapa?"

Pale palikuwa na wapangaji wa nyumba zote kumi na mbili. Mama mmoja aliguna, akaendelea kukamua kanga yake.

"Inawezekana," alisema Mama Norah baadaye kidogo. "Inawezekana kabisa. Njoo kwangu nikufundishe."

Bi. Akongo aliandika akiwa amesimama. Nyumba tupu, moja, daraja la kwanza, ikiwa na mpapai. Fedha zitaletwa hapa, zote, paa, rangi na choo cha ndani. Marupurupu ya makazi yakome leo, na ya nyuma yaulizwe. Na Karani, kwa kuwa kanuni zinamtaka aishi ndani ya mipaka ya mji anaoutumikia, tena ndani ya nchi yake, atafute makazi Nasiongo kabla ya mwezi kwisha, ama atafute kazi nchi anakolala. Kisha akamgeukia Mama Norah. Kwa kanuni za mpango, nyumba ikikamilika hupewa asiye na nyumba, na kwa mujibu wa Baraza lenyewe aliyepoteza nyumba ni yeye.

Mama Norah aliitazama Ikulu Ndogo, vyumba vyake, tundu lake. "Mimi siendi popote. Kwangu ni namba tisa. Hii mkubwa sana, mtu mmoja atapotea. Wape Betty na wakunga wenzake, waache kuvuka mpaka mbio na beseni." Akamtazama Bwana Obore bila hasira, kwa namna mtu anavyomtazama mteja aliyechelewa. "Na yeye asinung'unike. Asiyekuwepo na lake halipo. Si ndivyo nasikia wahenga walipitisha?"

Olupot, ambaye ndiye aliyemsimulia kila kitu usiku ule kando ya moto, alitazama pembeni.

Wazee walianua matanga. Mama Norah alinyunyiziwa maji ya kuondoa mkosi, akafungua kufuli lake, akaingia. Wiki hiyohiyo alikwenda redioni mwenyewe, akamwondoa Ikwap kwenye kipaza sauti, akatangaza kwamba yupo, kwamba anawashukuru wote waliofika kumzika, na kwamba mukene wapya wako mahali pake pa kila siku.

Baraza lilitoa taarifa kwamba zoezi la kubaini utupu limefanikiwa kuliko ilivyotarajiwa. Mafundi walipanda kilimani. Mkunga Betty alikuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Bwana Obore aliingia katika ofisi ya nyumba, mlango ambao hakuwahi kuupita, maana kaimu ndiye huitwa. Alikuwa amezunguka Nasiongo yote. Vyumba vya kupanga vilikuwapo, lakini kila mwenye nyumba alipomwona alikumbuka binamu anayekuja kuhamia. Mtu ambaye jina lake lilisomwa chini ya kifo cha mzima, nani amlaze chini ya paa lake?

"Olupot, ndugu yangu," alisema, akivuta kiti mwenyewe. "Nyumba moja tu ya Baraza. Yoyote. Hata kama inavuja."

Olupot alisimama, akafunga kifungo cha koti, kwa kuwa mkubwa ni mkubwa. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, ya mtumishi anayetamani kusaidia.

"Mzee, kumi na mbili zote zina watu. Kwa mujibu wa kanuni, mpaka mmoja wao afariki." Aliinama, akafungua redio ndogo iliyokuwa dirishani, akaisogeza taratibu hadi mbele ya mkubwa wake. "Matangazo ni baada ya bei ya mahindi."